Taa ya Kijani Upande wa Nguba

Mwanamke akipanda ngazi hapa Kamembe, wanaume watano husimama chini kumfundisha namna ya kupanda. Védastine Mukandayisenga alikuwa amewazoea. Alipanda na suruali ya marehemu mume wake, kiunoni ameifunga kwa kipande cha waya, akawaacha wapige domo mpaka wachoke. Alipomaliza kazi alishuka, akakusanya vifaa vyake, akaondoka bila kumtazama hata mmoja. Nayajua haya kwa sababu kibanda changu cha cherehani kinapakana na chake, na kwa miaka kumi na moja nimemwona kila mtu aliyekuja kumtafuta. Mimi ni mzee niliyefiwa na mke, nina hasira za karibu na sipendi watu wengi. Rafiki nilikuwa naye mmoja tu, ndiye huyo.

Alizaliwa Bukavu, Kongo, ng'ambo ya mto, kwa wazazi waliokimbia kutoka huku Rwanda. Kule aliitwa Mnyarwanda. Aliporudi huku mwaka 1995, binti yake mchanga Joselyne akiwa mgongoni, wenyeji wakamwita Mzairwa, yaani mtu wa Zaire. Basi hakuwa na kwao popote, na aliponieleza hayo alicheka, ingawa mimi sikuona cha kuchekesha. Mume wake, Sibomana, alikuwa fundi umeme. Alimfundisha kazi kwa kumshikisha ngazi, na alipofariki kwa ugonjwa wa ini alimwachia ngazi hiyo na sanduku la koleo.

Zilipoingia mjini taa za utepe zinazobadilika rangi, ambazo sisi tunaziita ruban, mafundi wengi waliunguza rola nyingi kabla ya kuzielewa. Védastine alikaa nazo wiki nzima kibandani, mlango umefungwa, na mimi nikawa nabisha hodi kumpelekea chai. Alinionyesha kila kitu kana kwamba nimeomba kazi. Utepe una nyaya nne: mmoja unaleta umeme, tatu ni za nyekundu, kijani na buluu. Rangi nyingine zote zinachanganywa kutoka hizo tatu. Unakata penye alama tu, ukikosea kidogo kipande kizima kinakufa, jambo ambalo fundi wa nguo hahitaji kuelezwa mara mbili. Ukiurefusha sana bila kuulisha umeme kutoka pande zote mbili, rangi ya mwisho wa utepe inafifia. Na vyote vinaongozwa na kidude cheupe, kidogo kama kiberiti, kinachosikia amri ya télécommande, yaani rimoti.

Vidude hivyo viko vya aina mbili. Vile vya kawaida, umeme ukikatika ukarudi, vinasahau vilikuwa wapi na kuanza kuchezesha rangi zote. Kulikuwa na msiba Gihundwe, mzee wa watu amelala kwenye jeneza sebuleni, wanawake wanaimba nyimbo za kanisa. Umeme ulikatika, ukarudi, na dari yote ikaanza kupiga nyekundu, buluu na zambarau juu ya maiti kama baa siku ya Jumamosi. Haikuwa kazi ya Védastine, alikuwa amekuja kuzika kama sisi. Lakini ndiye aliyenyanyuka na kuchomoa waya, na alirudi nyumbani akilia kwa aibu isiyokuwa yake. Tangu siku hiyo alinunua vidude vyenye kumbukumbu tu. Ukikiacha kwenye nyeupe, umeme ukikatika hata siku tatu, kinarudi kwenye nyeupe. Wenye baa walimpenda kwa hilo, na yeye alijivunia. Mkwe wake alizisikia sifa hizo kila Jumapili mezani.

Mkwe huyo ni Muderhwa, mtu wa kabila la Washi wa Bukavu, mwalimu wa shule ya msingi. Yeye na Joselyne walikuwa wakiishi Nguba, mtaa unaotazamana na upande wetu. Ukishuka kutoka Kamembe kuelekea mpakani, kuna kona ambapo miti inaachana, na nyumba za Nguba unaziona zote ng'ambo ya maji. Védastine alinionyesha ile ya binti yake, bati jekundu, baraza inayotazama Rwanda. Kila Jumapili alivuka daraja kwa miguu na kitambulisho chake, akala nao mchana, akarudi kabla ya jua kuzama.

Mwaka 2025, vita viliposhuka kuelekea Bukavu, alimwomba Joselyne avuke na mumewe. Joselyne alikataa. Nyumba ikiachwa inaporwa mpaka milango, alisema, na Muderhwa hawezi kuacha wanafunzi. Simu zilikuwa zinapotea hewani na kurudi zinavyotaka. Ndipo Védastine alipobeba rola mbili za ruban, akavuka nazo, na kuzifunga kwenye ukingo wa baraza ile kwa mikono yake. Walipatana hivi: kila siku saa moja kamili ya jioni, Joselyne awashe kijani kama wako salama. Nyekundu maana yake, mama, njoo. Baada ya nusu saa azime.

Kwa siku kumi mambo yalikwenda sawa. Saa moja kasorobo tulishuka mimi na yeye mpaka kwenye kona. Saa moja kamili mstari wa kijani uliwaka ng'ambo, mwembamba, ulionyooka. Védastine alisema tu, "Iko muzuri," na tukapanda kilima tukibishana kuhusu mambo mengine. Nakiri nilifurahia matembezi hayo.

Ijumaa ile kijani kiliwaka kama kawaida. Haikupita robo saa, Bukavu yote ikawa giza, na tukaanza kusikia risasi. Tulisimama mpaka askari wakatufukuza. Jumamosi ilikuwa giza, daraja limefungwa, simu ya Joselyne haipatikani wala ya mumewe. Jumapili vilevile. Védastine hakula siku zote mbili. Alikaa mlangoni pa kibanda chake na kukunjua waya uleule, akaukunja, akaukunjua tena.

Jumatatu tulishuka mapema, saa kumi na mbili na nusu hivi. Ghafla kilima chote cha ng'ambo kikawaka taa, na katikati ya taa hizo, pale kwenye bati jekundu, kijani. Niliruka kama mtoto. Nilimshika mabega nikamtikisa. Yeye hakuruka.

"Mzee Karim," alisema, "imewaka pamoya na kilima muzima."

"Na wewe ulitaka iwake peke yake?"

"Saa moya haiyafika. Joselyne anajua saa. Ile haiko muntu amewasha. Ile ni courant tu."

Nilimcheka. Mungu anisamehe, nilimcheka kwa sauti, watu wakageuka. "Maman Joselyne, wewe na ufundi wako! Umekaa siku tatu bila kula ukilia upewe kijani, umepewa kijani, sasa unatafuta nyaya zimekosea wapi. Mtoto amekaa gizani siku tatu, umeme umerudi, unataka angoje saa moja ndipo akutulize?"

 Kisha akacheka kidogo na yeye. Nadhani alitaka sana kushindwa katika ubishi ule, na mimi nikamshinda. Saa moja na nusu taa haikuzimwa. Hilo nalo aliliona, nami nikalijibu: nani anazima taa baada ya siku tatu za giza? Tulipanda kilima, na usiku huo alikula.

Jumanne asubuhi wakatangaza daraja litafunguliwa kwa saa chache. Védastine alikuja kibandani kwangu amevaa viatu vya kufunga, mfuko begani, ndani yake dawa, mkate na kitenge. Alisema anavuka. Nikasimama mlangoni, mzee mzima, nikamzuia kwa mwili. Nilimwambia kule bado wanapiga, kwamba waliovuka jana kwa mitumbwi walirudi wakisimulia maiti barabarani. Nilimwambia binti yake yuko ndani, salama, na akisikia mama ameuawa njiani kumtafuta mtu ambaye hajapotea, nani atamweleza?

"Kijani umekiona kwa macho yako," nilisema. "Unaenda kutafuta nini?"

Alikaa kwenye benchi ya wateja, mfuko mapajani. Alikaa mpaka daraja likafungwa tena. Jioni kijani kiliwaka, na Jumatano pia kikawaka, na Alhamisi.

Ijumaa mchana Muderhwa alikuja. Alikuwa amevaa shati la mtu mwingine, na macho yake yalikuwa yamevimba. Alimkuta Védastine kibandani kwangu akinitengenezea pasi. Hakuketi.

"Maman," alisema, "Joselyne alishatuacha. Mercredi, asubuyi. Tulimuzika jana."

Jumatano, siku iliyofuata ile ya daraja. Védastine aliweka bisibisi chini, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nilijiona mjinga. Alivuta kiti, akamkalisha mkwe wake, akamwambia aseme yote.

"Ilikuwa ile vendredi, courant imekatika tu," alisema Muderhwa. "Risasi ilipita ku dirisha, ikamuingia mu tumbo. Nilimubeba ku mugongo mpaka hôpital. Mu njia banatunyang'anya simu zote mbili. Maman, alikaa siku tano. Alikuwa anasema kila saa: enda uwashe nyekundu, Maman atakuya. Sikuweza kumuacha. Dimanche kukatulia kidogo, njo nikakimbia ku nyumba."

"Dimanche," alisema Védastine. Jumapili ile ya giza.

"Dimanche, saa tisa. Courant haikuwa. Lakini nilijua vidude vyenu vinakumbuka. Nikabonyeza nyekundu mara tatu, sawasawa. Nikarudi ku hôpital, banapiga, nikapita mu mufereji. Nikamuambia: nimeshaiweka, courant ikirudi tu Maman ataona. Akatulia, Maman. Kabisa. Hakulia tena. Akaanza kuangalia ku mulango."

Alitoa télécommande mfukoni, ile ndogo nyeupe yenye vitufe vya rangi, akaiweka juu ya meza yangu ya kukatia nguo.

Mimi si fundi umeme, lakini nilikuwa nimefundishwa vya kutosha. Kidude kisicho na umeme hakisikii amri. Unaweza kubonyeza mpaka kidole kitoke damu. Kinakumbuka tu amri kiliyoisikia mara ya mwisho kikiwa hai, na amri hiyo ilikuwa kijani cha Ijumaa. Nilimtazama Védastine. Nilijua kwamba ameelewa kabla yangu, na kwamba hajawahi kuwaambia Joselyne na mumewe hilo, kwa sababu lilikuwa jambo dogo mno kwa fundi kulisema.

"Nataka kuuliza kintu kimoya," alisema Muderhwa. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Courant ilirudi lundi, na miye sijarudi ku nyumba tangu dimanche. Nyekundu, mulikuwa munaiona?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Ulibonyeza bure. Ulipita katikati ya risasi ukaenda ukarudi bure, ukamdanganya mke wako anayekufa bila kujua kwamba unamdanganya. Nilifungua mdomo, sijui hata nilitaka kusema nini, labda kwamba mimi ndiye niliyemzuia. Védastine alinibana mkono chini ya meza, akaubana kwa nguvu za mtu anayekata waya.

"Niliiona," alisema.

"Lundi?"

"Lundi, na mardi. Siku zote niliiona."

"Mardi daraja lilikuwa limefunguliwa."

"Lilikuwa limefunguliwa."

Muderhwa alimtazama. Uso wake ulibadilika polepole, na ilikuwa vigumu kuutazama. "Na haukuvuka, Maman? Yeye anaangalia mulango, weye unaona nyekundu, na haukuvuka?"

"Niliogopa, mwana wangu."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alisimama, akalivuta shati lile lisilo lake likae sawa mabegani, na akasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo nikiwa kwenye cherehani.

"Usikuye ku kaburi."

"Sawa," alisema Védastine.

Muderhwa akatoka. Alitembea taratibu, mguu mmoja ulikuwa unamuuma, na kutoka mlangoni kwangu mpaka penye mteremko wa kwenda mpakani ni hatua kama mia mbili. Mkono wa Védastine ulikuwa umeshaniachia. Nilikuwa na muda wote wa kumwita, na sikumwita.