Msimbo Uliofungiwa Bajia

Chuo chetu hapa Tanga kiliponunua kompyuta mpya za maabara, tuligundua zina maringo. Tulitaka mwanafunzi aingie kwenye kompyuta yoyote kwa neno lake moja la siri, lile lililohifadhiwa kwenye mtandao wa chuo. Zenyewe hazikuutambua mtandao wetu wala hazikuwa na haja ya kuujua. Ilibidi tuibadilishe programu yao ya kuingilia, na kwa hilo kampuni iliyoziuza ikatupa leseni ya kuuona msimbo, yaani yale maandishi ya ndani yanayoiendesha.

Leseni ilikuja na masharti kama ya mganga. Wa kuuona msimbo ni mimi peke yangu, fundi wa mtandao. Ukionekana nje, leseni inafutwa, na mkuu wa chuo aliniahidi kwamba siku hiyo kibarua changu kitaota nyasi. Nilitia sahihi mara saba.

Nikauchapa kwenye karatasi, maana programu nikiisoma kwenye kioo nasinzia. Wiki mbili niliuchokonoa kwa kalamu nyekundu mpaka kompyuta zikasalimu amri. Kwa furaha nikazitupa karatasi zote kwenye boksi la mlangoni, nikaenda zangu nyumbani.

Mjinga mimi! Nimezaliwa Ngamiani, hapa hapa Tanga, nimekua nikila bajia juu ya mitihani ya watu. Nani asiyejua boksi la karatasi za ofisi linakwenda wapi?

Kesho yake, siku ambayo mwakilishi wa kampuni alikuwa anakuja kutukagua, nilikuta boksi tupu. Nikamkimbilia mama anayetufanyia usafi.

"Shikamoo, mama. Zile karatasi ziko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Nishampa dada yangu wa bajia. Zilivyo nyeupe mgongoni, ati nizichome?"

Nilipanda baiskeli mpaka kwenye meza yake ya bajia. Dada mtu alinirudishia karatasi zote, ila moja.

"Hiyo kaondoka nayo mgeni wenu sasa hivi. Yule wa suti."

Nilimkuta mgeni ofisini kwa mkuu wa chuo, wote wawili wanatafuna. Chini ya bajia niliona mistari ya msimbo na kalamu yangu nyekundu, mafuta yameishaanza kuila. Nikasimama mlangoni nikihesabu nimebakiza dakika ngapi za ajira.

Bajia ikaisha. Mgeni akaiinua karatasi, akaisoma.

"Hawa mama zenu wanafungia hadi hesabu za shule," akasema. Akafutia vidole, kimoja kimoja, akaifinyanga na kuitupa kwenye pipa.

Hofu yangu yote ikageuka hasira. Wiki mbili nimekosa usingizi kwa ajili ya mlinzi asiyeijua mali yake!

Akatoa fomu mkobani. "Una hakika hakuna mtu wa nje aliyeuona msimbo wetu?"

"Aliyeuona akaujua, hakuna," nikamjibu, nikatia sahihi ya nane.