Alama Tatu kwenye Kazi ya Wifi

Bi Kalamu, mpokea wagonjwa wa zahanati, alimwonea wifi yake wivu hadi chakula kikawa hakishuki. Wala si wivu wa nguo au wa mume. Mume mwenyewe ni kaka yake, anakoroma kama mashine ya kusaga. Kilichomkereketa ni maelezo ya programu.

Wote wawili walikaa mapokezi, na Bi Kalamu ndiye aliyemwombea wifi ile kazi. Sasa mwalimu wa kompyuta alikuwa akiwafundisha wafanyakazi baada ya saa za kazi. Atakayeandika programu nzuri ya kupanga miadi angeondolewa pale mlangoni penye vikohozi na makelele, apewe ofisi ya juu. Bi Kalamu aliitaka ofisi ile kuliko kitu chochote.

Somo la maelezo likamharibia. Mstari wa programu ukianza na alama ya reli, yaani #, kompyuta inauruka; huo ni wa kusomwa na watu tu. Bi Kalamu akaeleza kila kitu: hapa naongeza moja, hapa naandika jina. Mwalimu akacheka.

"Mama, hayo tunayaona. Tuambie kwa nini."

Kisha akasoma ya wifi kwa sauti: "Wenye kisukari wapangiwe asubuhi, wasikae na njaa." Darasa likapiga makofi.

Nyongo ikampanda Bi Kalamu. Maneno yale ni yake! Aliyasema mwenyewe jikoni, wakiosha vyombo. Apike yeye, asifiwe aliyepakua?

Nyumbani walikoishi pamoja kompyuta ilikuwa moja, wakiitumia kwa zamu. Siku moja kabla ya kuonyesha kazi zao, wifi alipokwenda kuoga, Bi Kalamu akaifungua kazi ya mwenzake. Akaweka alama tatu za nukuu juu ya mistari yote, na tatu nyingine chini. Walishafundishwa: kilicho katikati yake, hata kiwe kurasa nzima, kompyuta hukichukua kama maneno matupu, haikitekelezi. Hakufuta hata herufi, basi akajiambia hajaharibu kitu cha mtu.

Kesho yake wifi akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kioo kitupu, na daktari mkuu anatazama. Bi Kalamu aliona raha, tena raha ya kweli, akainama asionekane anatabasamu.

Mwalimu akaifungua kazi, akakuta mistari yote ina rangi moja, ile ya maneno matupu. "Nani kaifunga hii?"

Wifi akaziona zile alama. Akageuka, akamtazama Bi Kalamu, na Bi Kalamu akajua ameshajulikana. Nyumba ile nani mwingine wa kugusa kompyuta? Kaka mtu hata simu inamshinda.

"Ni mimi, mwalimu," wifi akasema. "Nilikuwa najaribu jambo jana, nikasahau kuzitoa."

Akazifuta, akabonyeza, miadi ikajipanga. Ofisi akapewa yeye.

Njiani Bi Kalamu akashindwa kuvumilia. "Wifi, mbona hukunitaja?"

"Ningekutaja wangekufukuza. Na mimi mambo ya wagonjwa ningeyajulia wapi, kama si kwako?" Akamshika mkono. "Yamekwisha, wifi yangu."

Bi Kalamu alitamani atukanwe. Tusi angelirudisha, tena na nyongeza. Lakini huu wema angeulipa na nini? Hata kwa wema mtoto wa watu amemtangulia, na wivu huu ukamuuma kuliko ule wa ofisi.