Ndoo Iliyolambwa na Mbwa Wangu

Asubuhi ile nilitoka Chang'ombe bila kujua naenda wapi. Mwenye nyumba alikuwa amenitaka nichague, chumba au mbwa, nami chumba nilikuwa nimeshakichoka. Nikatia nguo na sufuria kwenye begi, godoro nikamwachia jirani, nikashika barabara ya Mbagala kwa miguu. Mbwa akanifuata. Sikumnunua wala sikumpa jina. Alinikuta tu kwenye karakana nilikokuwa napiga msasa vitanda, akaona ninamfaa.

Shule niliiacha darasa la sita, kuuliza sikuacha. Ndiyo maana nilipofika pembezoni mwa Chamazi, nikaona watu wazima wamechutama ndani ya shimo kubwa la mchanga wanafukia miche, sikuweza kupita.

"Mnapanda nini?"

"Msitu," alijibu mzee mmoja mwenye kofia ya pama, mwalimu mstaafu aliyehamia kutoka mikoa ya kaskazini. "Na wewe usisimame kama nguzo ya umeme. Shika jembe."

Nikashika. Tukichimba akanieleza. Malori yalichota mchanga pale mpaka ardhi ikabaki korongo, kisha watu wakaligeuza jalala. Sasa majirani walikuwa wakijitolea kila Jumapili. Juu kungekuwa na kivuli na mabenchi ya kila mtu. Chini, nyuma ya ua wa michongoma, watu wangetembeza mbwa. Nikamuuliza mbwa wanahusikaje na msitu. Akasema mbwa wetu hushinda bandani, hufunguliwa usiku tu, ndiyo maana wanauma: hawajui watu.

"Tunataka mbwa anayeliona jua," alisema.

Maji yote ya miche yalitoka kwenye kisima cha mama mmoja, mtu wa Lindi, ambaye uwanja wake ulipakana na korongo. Aliyatoa bure kwa sharti moja: mbwa asiguse vyombo vyake, kwa sababu ndoo zilezile ndizo alizochotea maji ya kutawadhia. Bila kisima kile, kiangazi kisingeacha hata mche mmoja.

Mbwa wangu hakuambiwa. Alikuwa ametembea na kiu tangu Chang'ombe. Nilisikia nyuma yangu lap, lap, lap, nikaona majembe yote yamesimama hewani. Kichwa kizima kilikuwa ndani ya ndoo.

Mama alitoka akikaza khanga kiunoni.

"Mbwa wa nani huyu?"

"Wangu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea. Mbwa wako sijampokea."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mwalimu akaja mbio. "Dada, tuwie radhi. Tutaisugua na sabuni mpaka ing'ae."

"Mwalimu! Tumeishi uzio kwa uzio, bado unaniletea habari za sabuni? Kwani nimesema ina masizi? Ina najisi! Nyie watu wa bara nyie!"

"Basi tukununulie mpya."

"Na hii muitupe? Ina kosa gani? Kama hamuwezi kunilindia ndoo moja, mie kisima nafunga."

Nikaiokota ndoo. Nikamuuliza, na kweli nilitaka kujua: "Mama, kwenu inaoshwaje?"

Akanitazama kuanzia viatu. "Mara saba. Moja kwa udongo. Utaweza, au wewe ni wa kutembea tu?"

Nikapiga magoti, nikasugua kwa udongo safi alionionyesha, nikasuuza.

"Moja," alisema. "We! Usimwage hovyo, hayo ni maji ya kisima changu!"

Nikayapeleka kwenye shina la mwarobaini mdogo. Ya pili nikampa mkorosho. Kuanzia ya tatu wote wakawa wanahesabu naye kwa sauti, kama watu wanaovuta nyavu. Mwalimu akaruka, "Tano!"

"Nne!" walimzomea.

"Ulifundisha somo gani wewe?" mama akauliza.

"Jiografia."

Hapo hata yeye alicheka. Ya saba ilipokwisha, akaigeuza ndoo juani, akaiinamia. "Imetwaharika. Maji mtateka kama kawaida. Ila huyu mnyama apate chombo chake."

Nikatoa sufuria yangu kwenye begi, nikaiweka nyuma ya michongoma, upande wa mbwa. Sikuwa na nyingine.

"Sasa utapikia nini?" aliuliza mama. "Na unalala wapi?"

"Bado sijajua."

Mwalimu akaonyesha kibanda cha vifaa kule chini. Mbuzi walikuwa wakishuka alfajiri kutafuna miche, akasema, na mtu mwenye mbwa angefaa kuwafukuza. Mama alikiangalia kibanda, akamwangalia mbwa. Alirudi kwake, nikadhani yameishia hapo.

Jua lilipokuwa linazama, nilikuwa nafagia kibanda. Mama alikuja na mkeka kwapani na ndoo ileile, imejaa maji. Mkeka akaurusha ndani. Ndoo akaitundika mwenyewe kwenye msumari wa juu kabisa, mahali mbwa hafiki, akaijaribu mara mbili kama imeshika.

"Hiyo ya kwako," alisema. "Uilinde."