Mteja Wangu Alinikana Mbele ya Hakimu

Nilikosa, jamani! Nasema mwenyewe kabla mawakili wenzangu wa Bukoba hawajawasimulia kwa chumvi zao.

Sikuwa na muda mrefu tangu niapishwe. Msichana mwenye joho jipya na njaa ya kushinda! Akaja ofisini Ta Respice, baba wa makamo, mkulima wa kahawa kutoka Buganguzi.

"Mke wangu kahamia kwa kaka yake kule Kitendaguro, simu hapokei. Hata kupika alikuwa ameacha. Nataka aitwe mahakamani, tuongee."

Mimi nikasikia talaka! Hilo "tuongee" lilinipita kabisa. Alipotaka kulirudia nikamkatiza, "Baba, hayo niachie mimi." Akatia sahihi hati ya madai kwa unyonge.

Siku ya kesi, kule Muleba, mkewe akapanda kizimbani. Mama mpole, kitenge kimenyooshwa vizuri. Nikamvaa!

"Si kweli kwamba wewe ni mvivu? Hujui hata kupika ebitoke, ndizi ambazo kila binti wa Kihaya anazijua?"

Akainamisha kichwa, machozi yakamtoka. Nami, Mungu anisamehe, nikajiona nimeshinda.

Mara nyuma yangu kiti kikaanguka.

"Mheshimiwa, huyu dada anamsingizia mke wangu! Buganguzi nzima hakuna anayemfikia kwa kupika!"

"Bwana," hakimu akasema, "huyo ni wakili wako."

"Basi simtaki!"

Watu walicheka mpaka karani akashika mbavu! Hakimu akatoa mapumziko. Wale wawili wakaenda kusimama nje, ukutani, wakaongea. Waliporudi, Ta Respice alikuwa amebeba mkoba wa mkewe. Akaomba kesi iondolewe.

Nilitamani ardhi inimeze! Nikamfuata yule mama uani kumwomba radhi.

"Umenitukana mbele za watu, mwanangu," akaniambia. "Nilichoka tu. Na hakuna aliyeniuliza nimechoshwa na nini, si wewe wala yeye."

Nikaangua kilio na joho langu. Eti yeye ndiye aliyenipa leso!

Nilipoteza mteja, na jina langu nalo likaenda. Mpaka leo wenzangu wakiniona kortini huuliza, "Vipi, wa leo anakutaka?" Nacheka nao. Ila chozi la yule mama sijaweza kulicheka.

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii, nawasihi! Mtu akiingia ofisini, muulizeni anataka nini, kisha fungeni midomo mpaka amalize. Wengine wanawataka wake zao tu, jamani!