Siku Java Ilipofika Kibaoni

Mimi ni mbishi, sikatai. Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, ofisi yetu ya mifugo pale Mpanda ilikuwa na kompyuta moja. Parokia ya Kibaoni nayo ilikuwa na yake, ya aina nyingine kabisa, na padri alikubali tuitumie. Programu ya huku haikufunguka kule. Nami nilitakiwa niandike programu ya kukadiria dawa ya chanjo ya ng'ombe, itumike kote kuwili.

Mkuu wangu alitaka niiandike kwa BASIC, lugha ya kompyuta niliyoisoma chuoni. "Si utaiandika mara mbili, binti? Shida iko wapi?"

Shida ni kwamba kila rekebisho ningelifanya mara mbili, na hesabu za mashine zikianza kupishana, kuna ng'ombe wangekosa dawa. Nikachagua Java. Ilikuwa changa na nzito kufunguka, lakini ukiiandika mara moja, inakubali kote.

"Lugha ya juzi hiyo," mkuu akasema. "Ikigoma Kibaoni, kompyuta nampa mwingine, wewe unarudi masjala."

Kibaoni ikafunguka. Nilipiga kigelegele mpaka padri akachungulia. Kisha akaingia mfugaji wetu wa kwanza, mzee wa Kisukuma, nikamsomea swali la kwanza: una ng'ombe wangapi?

Mzee akashika fimbo yake, akainuka. "Mwanangu, nyie mnataka wafe? Ng'ombe hatajwi idadi."

Nilitamani ardhi inimeze. Mimi mtoto wa Shanwe ya Mpanda, niliyekua jirani na wafugaji, swali lile nililitoa wapi? Nikamsihi akae. Nikalifuta palepale, nikaandika jipya: nitajie mmoja mmoja.

Uso ukamfunguka. Mweupe wa mabaka, ndama wake, yule mwekundu mkorofi... Aliwasifu, nami nikachapa, mpaka jua likawa la utosi. Kompyuta ilijumlisha yenyewe.

Niliporudi Mpanda, nikachomeka diski niliyotoka nayo Kibaoni mbele ya mkuu. Ikafunguka na swali jipya na ng'ombe wote, bila kuguswa hata herufi. Mkuu akakuna kidevu. Nilifurahi, tena waziwazi, na masjala sikurudi.

Siku ya chanjo dawa ilitosha hadi ndama wa mwisho. Mzee akanisogelea.

"Kwa hiyo ile mashine inajua ni wangapi?"

"Inajua, baba, ila haisemi."

Akacheka sana. "Basi hiyo imelelewa."