Chuya za Nyamisati

Mmisionari yule alishuka na wenzake wanne kutoka baridi ya Makete kuja kuota jua la Nyamisati, wiki moja ya Julai, na sweta hakulivua hadi siku ya pili. Wenzake walijua kupumzika: walijinyoosha mkekani, wakaimba tenzi zao kidogo, wakalala. Yeye mikono ilimwasha. Zamda, aliyewapikia, akigeuka tu anamkuta kashika ufagio, au kainamia sufuria iliyokwisha kuoshwa, akisema, "Nimalizie hiki tu, halafu nikae."

Siku ya tatu Zamda akampa ungo wa mchele. Hapo akatulia. Alitoa chuya mojamoja kwa vidole vyake vyenye sugu, miguu kainyoosha juani, mpaka kichwa kikamwinamia akasinzia. Tangu hapo Zamda hakugusa mchele wa ng'ambo, ambao siku hizi za biashara huria umejaa madukani Kibiti, safi, hauna cha kuchagua. Alinunua wa Rufiji, na chuya za jana akazichanganya humohumo, kazi isije ikaisha mapema.

Siku ya sita mgeni alimrudishia ungo akitabasamu. "Bi Zamda, chuya hizi sasa tunajuana. Kesho usizirudishe. Nitakaa tu."

Kesho yake alikaa kweli, mikono mapajani, akiitazama mikoko. Chai ilikuwa haijachemka alipochungulia jikoni na kuuliza kwa sauti ya chini, wenzake wasimsikie: "Bi Zamda, zile chuya umeshazitupa?"