Maharage ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuja kukaa nasi Kasese miezi michache baada ya kumzika mama mkwe. Alikuwa na shamba la kahawa milimani juu ya Bwera, na shingo ngumu pia. Ilibidi mume wangu apande kule mara kadhaa kumbembeleza. Siku aliposhuka kwenye boda mlangoni kwetu, alikuwa na mfuko mmoja na koti zito la baridi ambalo halina kazi katika joto la huku chini. Nilipiga magoti kumsalimu. Akaniitikia akitazama pembeni, kama ilivyo adabu kati ya mzee na mke wa mwanawe.

Mimi ni mshonaji. Wakati ule cherehani yangu ilikaa varanda ya nyuma penye kivuli, ikitazama ua, jiko na choo. Mume wangu anafanya kazi kiwandani Hima, hurudi nyumbani mwisho wa wiki tu, na watoto wako shule ya bweni. Kwa hiyo siku nyingi nyumba ile ilibaki na watu wawili ambao, kwa desturi yetu, hawali pamoja wala hawatazamani usoni. Nilizaliwa upande wa Kongo, karibu na Butembo, lakini Kinande chetu na Kikonzo chao ni ndugu wa tumbo moja. Lugha haikuwa shida kati yangu na mzee. Shida ilikuwa yale ambayo hayasemwi kwa lugha yoyote.

Nilimpikia kama mtu anayempikia mgeni mkubwa. Nyama ya mbuzi ya kukaanga, samaki wa ziwani kutoka Kahendero, na obundu, ule ugali wetu wa muhogo, nikaufinyanga mgumu kama wanaume wanavyosema wanaupenda. Nilipeleka sahani chumbani kwake, nikaiweka juu ya kigoda, nikatoka. Sahani ilirudi nyeupe kama imeoshwa. Moyo ulitulia: mkwe akila, nyumba ina amani.

Ila mzee alikuwa anakonda. Mkanda aliokuja nao aliutoboa tundu jipya. Alizidi kuomba chai, na mkate wa dukani wa kuchovya. Halafu nikaona jambo jingine. Kila nilipotoka kumpelekea chakula, kuku wangu walikimbia wote kuelekea ubavuni mwa nyumba, chini ya dirisha lake, wakasimama wakiangalia juu kama waumini wanaomngoja padri. Nilizunguka taratibu. Nyama yangu ilikuwa inaanguka kutoka dirishani, kipande baada ya kipande.

Nilirudi kwenye cherehani nikashona mshono ulionyooka, lakini kifua kilikuwa kinawaka. Niliwaza kwamba labda kwake mimi bado ni mwanamke wa ng'ambo, au anakilinganisha chakula changu na cha marehemu.

Mume wangu aliporudi nikamweleza. Akaingia kwa baba yake, nami nikabaki sebuleni nikisikia.

"Baba, chakula cha mke wangu kina kasoro gani?"

"Hakina kasoro."

"Mbona kuku ndio wanaokila?"

Mzee akajibu kwa Kiswahili cha mpakani, lugha aliyoizoea katika biashara ya kahawa, na ambayo huiokota akitaka mazungumzo yaishe: "Mimi niko muzima. Iko uzee tu."

Asubuhi moja, mume wangu akiwa ameshaondoka kwenda Hima, mzee hakuomba chai. Niligonga, sikujibiwa. Nilimkuta amejikunja kitandani, mikono tumboni, jasho likimtiririka usoni. Niliita boda, nikampakia katikati, mimi nikakaa nyuma nikimshika asianguke. Nakumbuka niliona haya kumshika, nikaona haya pia kuona haya wakati mtu anaumia.

Kwenye kliniki alitupokea mama mmoja wa makamo, musawo, kama tunavyomwita kila anayetibu. Alimbonyeza mzee tumbo, akauliza waziwazi, "Mzee, mara ya mwisho umeenda choo kikubwa lini?"

Mzee aliniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama machoni. Nikainuka nikatoka nje.

Nilikaa kwenye benchi muda mrefu, malori ya saruji yakipita barabarani, hadi musawo alipotoka akaketi kando yangu.

"Wewe ni binti yake?"

"Mke wa mwanawe."

"Ndiyo maana," akasema. "Tumbo lilikuwa limefunga, choo kimekauka ndani. Nimemtibu, atapumua. Ila dawa ni ya leo. Umewahi kumwona akitafuna?"

"Hatuli pamoja."

"Meno yaliyobaki ni ya kuokoteza, na hayo yenyewe yanatikisika. Fizi zimevimba. Nyama hiyo atailaje? Anaishi kwa chai na mkate mweupe, mboga hali, maji hanywi. Sasa tumbo lisukume nini?"

"Maji hanywi kwa nini? Mtungi uko chumbani kwake."

Akapunguza sauti. "Amekubali nikuambie, mradi yeye asiwepo. Anasema ukikaa kwenye cherehani unatazamana na choo. Mzee mzima apite mbele ya mke wa mwanawe na kopo mkononi, mchana kweupe? Anajibana mpaka giza. Na maji anayaogopa, maana yatamtoa nje kabla giza halijaingia."

Nilitaka kucheka, nikajikuta nafuta machozi.

Musawo alinieleza bila haraka. Mboga za majani zipikwe mpaka zilegee. Maharage yapondwe. Uji wa ulezi, papai, parachichi, maji kidogo kidogo siku nzima, na kutembea asubuhi kabla jua halijakaza. Fizi zikaonwe hospitali. "Na tumbo likimwita, aende," alisema. "Ukiliambia subiri kila siku, mwishowe litaacha kuita."

Tulipofika nyumbani, kabla sijawasha moto, niliiburuta cherehani mpaka varanda ya mbele inayotazama barabara. Nilisema kwa sauti ya kusikika chumbani, kama naongea na mashine, "Kule nyuma wateja hawanioni. Kuanzia leo nashonea huku." Vumbi la huko nililifahamu, na bado ninalila hadi leo. Mchana ule ule nikasikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, na hatua za mtu asiye na haraka zikikata ua.

Upishi ulibadilika. Niliacha kukaanga. Maharage niliyaloweka, nikayachemsha mpaka yapasuke, nikayaponda na mawese kidogo. Sombe, yaani majani ya muhogo, niliitwanga mara ya pili. Dodo, mchicha wa huku kwetu, niliikata nyembamba kama tumbaku. Samaki nilimtoa miiba kwa vidole, nikamvuruga ndani ya mchuzi, na obundu niliusonga mwepesi, wa kuteleza. Sahani sasa zilirudi na mabaki kidogo pembeni, na mabaki yale yalinifurahisha kuliko ule weupe wa kwanza, kwa sababu yalikuwa ya mtu aliyeshiba.

Mume wangu alimpeleka hospitali, yale meno yaliyolegea yakang'olewa. Walipomwambia kuhusu meno ya bandia alikataa katakata. "Sitaki kitu ya kulala ndani ya kikombe," alisema, na hilo likaishia hapo.

Alasiri moja nilikuwa jikoni nachambua dodo. Nikasikia kigoda kikiwekwa nje, upande wa pili wa ukuta. Jiko langu ni la mbao zilizoachana, mtu akikaa nje husikia kila kitu. Mzee alikuwa amenipa mgongo.

"Mama," aliita. Ndivyo anavyoniita. "Haya maharage umefundishwa na nani?"

"Hakuna, Baba. Musawo alisema tu niyaponde."

"Marehemu alipika hivi," akasema. "Miaka mingi. Meno yalianza kuniacha watoto wakiwa bado wadogo. Sikumwambia. Siku moja nikakuta maharage yamepondwa, na nyama imechemka mpaka inaachana yenyewe. Hakuniuliza, nami sikusema. Watu walimcheka, wakasema huyu mwanamke anasahau chungu motoni. Yeye alicheka nao tu."

Utani ule niliujua. Nyumbani mwetu ulikuwa wa kila sikukuu. Mume wangu mwenyewe, mbele ya mama yake, alizoea kusema kwamba alikua bila kujua maharage yana umbo gani. Nami nilicheka pamoja nao, na mama mkwe alicheka, huku akimwongezea mumewe mchuzi.

"Alipokufa," mzee akaendelea, "sikujua nianzie wapi kumwambia mtu mwingine."

"Ndiyo, Baba," nikajibu. Niliendelea kuchambua, yeye akaendelea kukaa.

Siku zilipita, mashavu yake yakarudi kidogo. Kahawa ilipokaribia kuiva milimani alianza kuzikunja nguo na kuzikunjua. Mume wangu alimwomba abaki. Mzee alibeba kigoda akaja tena kwenye ukuta wa jiko.

"Mama, nifundishe."

"Nikufundishe nini, Baba?"

"Kupika. Kule niko peke yangu, na kijana wa kibarua anapika mawe."

Mwanamume wa umri wake, wa milima yetu! Hata hivyo nilianza, mimi ndani, yeye nje, nikimwambia kila ninachofanya. "Sasa nayamwaga maji ya kulowekea. Sasa natia mapya. Yakichemka, bonyeza moja kwa vidole. Likibonyea bila ubishi, yako tayari." Alirudia maneno yangu polepole.

"Chumvi?"

"Mwishoni, Baba."

"Mwishoni," akasema.

Tulikwenda kumwona wakati wa mavuno. Tulipitia sokoni Mpondwe kununua mawese, kisha tukapanda mlima. Kahawa ilikuwa imeanikwa uani, na moshi ulikuwa unatoka jikoni. Mume wangu akabaki mlangoni, mdomo wazi, akimtazama baba yake akipakua. Mzee aliniwekea sahani yangu mkekani, akachukua yake, akaenda kukaa nyuma ya kona ya nyumba, adabu isivunjike.

Maharage yalikuwa laini. Dodo ilikuwa na mchanga.

"Mama," akaita kutoka huko alikojificha, "iko namna gani?"

"Iko muzuri, Baba. Mboga tu ndiyo ina mchanga kidogo."

Nilimsikia akicheka, kicheko cha mdomo usio na meno, chepesi kama cha mtoto. Mume wangu alikuwa ameinamia sahani yake bila kusema utani wowote. Alikula mpaka akaomba aongezewe.